Ngazi ya Vidato Kumi na Tisa

Jumapili, 26 Oktoba 1997

Naandika kuanzia nyuma ya daftari la Freyda. Mbele kumejaa mwandiko wake na bado siwezi kuukaribia. Mke wangu alifariki siku nne kabla ya Yom Kippur, siku kuu ya toba. Sikukuu zikaja zikayakata matanga yetu katikati, ndivyo sheria ilivyo, na leo ndiyo siku ya kwanza nyumba iko kimya kabisa.

Haikukaa kimya sana. Asubuhi kamati ya sinagogi imekuja, watu wanne na keki moja. Wanataka niongoze Masanduku ya Sabato, chakula cha wasiojiweza, badala ya Freyda. Nimewaambia mimi ni mkata bitana za makoti, miaka arobaini na moja nimekata bitana, sijawahi kuongoza kitu chenye miguu.

"Kiti hakiumi, mzee Fishel," akasema Nuchem Fajgenbaum, anayeendesha gari la masanduku.

"Kiti hakiumi. Lakini aliyekikalia hayupo."

Wakatazama keki. Nikakubali ili waondoke.

Alhamisi, 30 Oktoba

Siku ya kupanga. Jiko la chini ya sinagogi, meza ndefu, watu saba. Kila sanduku: kuku, mikate miwili ya kusuka, karoti, viazi, kopo la matunda, mishumaa. Nilikata kamba fupi mara tatu, mimi niliyekata bitana maisha yangu yote.

Kanuni ya Freyda kila mtu anaijua. Weka sanduku mlangoni, gonga mara tatu, shuka, usigeuke. Anayepokea asione uso wa anayetoa, na anayetoa asione uso wa anayepokea. Hata daftarini hakuna majina, kuna mitaa na namba za milango tu. Thelathini.

Tulipomaliza Nuchem akahesabu. "Thelathini. Na la thelathini na moja?"

"Lipi?"

"Lile alilokuwa akibeba mwenyewe kwa miguu. Kila Alhamisi saa kumi. Hukujua, mzee?"

Sikujua. Malvina Herscovici, aliyekuwa akifunga kamba mwisho wa meza, akacheka kwa pua. Yeye ndiye mwenye ulimi mkali kuliko wote hapa, na alikuwa akimwita Freyda dada, kwa hiyo mimi ni shemeji.

"Dada Freyda hakujua kuhesabu, shemeji. Kila wiki anazidisha moja. Hilo la ziada alikuwa anakuletea wewe, ukala ukasahau."

Watu wakacheka. Lakini sanduku halikuwahi kufika nyumbani kwetu. Hata mara moja.

Ijumaa, 31 Oktoba

Sabato inaingia saa kumi na dakika ishirini na tano. Nimewasha mishumaa mwenyewe. Kuna mtu mahali fulani ambaye wiki ya nne hii mlango wake haugongwi.

Jumatatu, 3 Novemba

Nimelipitia daftari lote, mpaka kurasa zake. Hakuna mlango wa thelathini na moja. Aliuweka kichwani, na kichwa chake tumekizika.

Nakumbuka vitu vidogo tu. Alhamisi alikuwa akirudi saa kumi na nusu, kwa hiyo si mbali. Alikuwa akisugua magoti na kulalamika: "Vidato kumi na tisa, Fishel, na cha tisa kimelegea. Siku moja kitanimwaga barabarani." Nilidhani anasema ngazi ya sinagogi. Ya sinagogi ina vidato sita. Miaka yote hiyo sikuwahi kuuliza.

Na glovu yake ya kulia ina kutu kiganjani. Ya kushoto ni safi. Ziko mfukoni mwa koti lake, sijazitoa.

Alhamisi, 6 Novemba

Nimemwomba rabi atangaze siku ya Sabato: yeyote aliyekuwa akipata sanduku kutoka kwa Freyda na sasa hapati, ajitokeze. Rabi akatikisa kichwa.

"Ukitangaza, Fishel, atajificha zaidi. Mtu aliyevumilia mwezi mzima bila kusema atavumilia hata kaburini. Aibu nayo huua."

"Na njaa?"

"Njaa pia," akasema. "Mtafute kimya kimya."

Neno kaburini halinitoki kichwani.

Jikoni Malvina alikusanya ncha za mikate iliyoungua, kama kawaida yake, akazifunga kwenye leso. Za njiwa wake. Nuchem akamtania: "Njiwa wako watanenepa kuliko rabi." Akajibu: "Angalau wao hawahubiri."

Jumanne, 11 Novemba

Theluji ya kwanza. Nimezunguka mitaa yetu nikihesabu ngazi za watu. Wenzetu wengi wa Montreal walishahamia upande wa magharibi kwenye majengo yenye lifti. Tuliobaki huku tunaishi na hizi ngazi za chuma za nje, zinazojikunja kama maganda ya machungwa. Kumi na saba. Kumi na nane. Ishirini na moja. Mwanamke mmoja alifungua dirisha akauliza kama ninatoka idara ya maji.

Mtaa wa Waverly nimeumaliza. Jeanne-Mance nimefanya upande mmoja na nusu. Pale kwa Malvina sikuhesabu, yeye ni wa kwetu. Nilimpungia mkono dirishani nikapita. Alikuwa amevaa koti ndani ya nyumba.

Vidole vya miguu vimekufa ganzi. Kama mimi nimetembea saa mbili tu nikaogopa baridi, yeye anayekaa ndani bila kitu tumboni anaogopa nini?

Alhamisi, 13 Novemba

Nimeipata! Nyuma ya duka la samaki. Kumi na tisa kamili, nimehesabu kupanda na kushuka. Kidato cha tisa ni kigumu kama mwamba, lakini wenye nyumba nao hutengeneza mara moja moja. Kuna pazia, kuna jina lililofutika kwenye kengele. Saa kumi nimeweka sanduku, nimegonga mara tatu, nimeshuka. Sikugeuka.

Ijumaa, 14 Novemba

Nimepita asubuhi. Sanduku limechukuliwa. Freyda, limechukuliwa.

Alhamisi, 20 Novemba

Thelathini na moja.

Alhamisi, 27 Novemba

Thelathini na moja. Upepo mkali.

Alhamisi, 4 Desemba

Thelathini na moja. Nuchem ananiita mkurugenzi. Nimempa mkate wa ziada anyamaze.

Alhamisi, 18 Desemba

Baridi nyuzi ishirini chini ya sifuri. Malvina alikaa chini mara mbili wakati wa kupanga. Koti lake linamzidi. Mimi ni mtu wa makoti, najua koti linalozidi tangu dukani na koti lililoachwa na mwili. Nikamuuliza kama anaumwa.

"Naumwa na maswali yako, shemeji. Funga kamba."

Baadaye akaniuliza, bila kunitazama, hilo sanduku la thelathini na moja nalipeleka wapi. Nikamwambia siwezi kusema, ndiyo kanuni.

"Ndiyo kanuni," akasema. Akafunga fundo, akalifungua, akalifunga tena.

Jumatano, 24 Desemba

Jana nimewasha mshumaa wa kwanza wa Hanuka. Freyda alikuwa akiungua kidole kila mwaka, kidole kile kile. Mwaka huu nimeungua mimi.

Alhamisi, 1 Januari 1998

Sijui niandikeje.

Nilikuwa natoa makopo kwenye rafu ya ghala. Nikashika kopo la pichi lenye karatasi iliyochanika, niliyoibandika mwenyewe kwa utepe mwekundu wa gundi. Nalijua kopo lile. Nililiweka kwenye sanduku la thelathini na moja wiki mbili zilizopita.

Nikamwita Costa, mtunza jengo la sinagogi.

"Hilo? Analeta yule mama Mreno wa nyuma ya duka la samaki. Kila Ijumaa asubuhi analeta sanduku zima. Anasema ghorofa ya juu yake hakuna mtu tangu kiangazi, nyinyi mnakosea mlango. Nilidhani mnajua."

"Hukuniambia."

"Nilirudisha kila kitu mahali pake! Makopo kwenye rafu, kuku kwenye friji." Akajikuna shingo. "Mikate nimekula mimi. Inakauka, mzee, usinihukumu."

Wiki saba. Wiki saba nimepeleka chakula kwa pazia. Kile kile kikarudi, tukakipanga upya, nikakibeba tena, nikalala usingizi. Kama ningegeuka nyuma mara moja tu ningeona mlango haufunguki. Lakini sisi hatugeuki.

Nuchem alitaka kucheka, akaniona, akaacha. Malvina alikuwa amesimama na kamba mkononi, ameelekeza uso ukutani.

Ijumaa, 2 Januari

Nimehesabu: wiki kumi na tatu tangu Freyda alipobeba la mwisho. Nimesoma matangazo ya vifo gazetini, ya wiki zote kumi na tatu. Naogopa kusoma na naogopa kuacha.

Jumatatu, 5 Januari

Mvua, si theluji. Inaganda inapogusa kitu. Waya wa nguo uani umekuwa mnene kama mkono wangu.

Jumanne, 6 Januari

Bado. Matawi yanavunjika kwa mlio kama bunduki. Kila mlio nashtuka.

Jumatano, 7 Januari

Umeme umekatika mtaa mzima, na mitaa ya jirani. Nyumba nyingi huku zinapashwa moto kwa umeme. Redio ya betri inasema watu wasitoke, na inasema wazee wasikae peke yao. Mtu asitoke na asikae peke yake, sasa afanyeje? Mimi nina jiko la gesi. Nimekaa mbele yake na koti la Freyda magotini na ninafikiria mlango nisioujua.

Alhamisi, 8 Januari

Naandika jioni, mfungo umekwisha. Leo ilikuwa tarehe kumi ya mwezi wa Teveti, siku ya kufunga, na siku ya kupanga.

Asubuhi tulifika watatu: mimi, Nuchem na Costa. Jiko la sinagogi ni la gesi kwa hiyo tukachemsha supu katika sufuria zote, ili watu wa mtaa wawapelekee wasiojiweza. Nuchem alikuwa akiwapigia simu wote wanaojitolea. Wote wakajibu isipokuwa Malvina. Simu inalia, haipokelewi.

"Labda kaenda kwa binamu yake," akasema Nuchem.

"Malvina hajawahi kukosa Alhamisi. Hata wiki aliyomzika mumewe alikuja akatutukana."

"Gari halitoki, mzee. Mlango wake umeganda, nimevunja kitasa."

"Nitatembea."

"Una miaka sabini na minne! Utavunjika kama yale matawi."

Nikachukua mfuko wa chumvi ya mawe, ile tunayotolea damu ya nyama, nikatoka. Jeanne-Mance ilikuwa kioo kitupu. Nilitembea kwa kushika magari, uzio, na mara moja mbwa wa mtu. Juu yangu matawi yalikuwa yakigongana kama sahani. Niliogopa waya, niliogopa miti, lakini zaidi niliogopa ile simu inayolia.

Ngazi ya Malvina ilikuwa imefunikwa yote, kama mshumaa uliomwagika. Nikashika chuma cha pembeni kwa mkono wa kulia, kwa wa kushoto nikatupa chumvi. Konzi moja, nasubiri itafune barafu, napanda kidato kimoja. Nikawa nahesabu konzi, nikiogopa chumvi itaisha kabla sijafika. Nne. Tano. Mguu uliteleza, nikapiga goti. Saba. Nane.

Kwenye konzi ya tisa barafu ikapasuka chini ya kiatu changu na kidato kikazama upande, kikalia: kwiik.

Nilisimama pale sijui muda gani. Sikutaka kuendelea kuhesabu, lakini mdomo ukahesabu wenyewe. Konzi ya mwisho ilikuwa ya kumi na tisa.

Mlango haukufungwa kwa ufunguo. Ndani palikuwa baridi kuliko nje. Alikuwa kitandani na makoti mawili na zulia juu yake, na uso wake ulikuwa na rangi ya nta. Nikasema jina lake. Nikasema tena, nikamshika shavu.

"Nani kakuruhusu kuingia na viatu?" akasema, taratibu, kama mtu anayeongea na mdomo uliojaa.

Nikaketi sakafuni.

Mlango wa friji ulikuwa wazi. Niligeuza macho, lakini nilikuwa nimeshaona. Akaniona nikiona.

"Nimeifungua... vitu visioze. Umeme hakuna."

"Umefanya vizuri," nikasema. Hakukuwa na kitu cha kuoza.

Kwenye meza kulikuwa na sahani, na ndani yake ncha za mikate iliyoungua, zimelowekwa kwenye maji. Hakuna njiwa anayebaki dirishani katika baridi hii. Nilikuwa nimemwona akizifunga kwenye leso kila Alhamisi, na nilicheka pamoja na wengine.

Akafuata macho yangu. "Leo ni mfungo," akasema. "Leo kila mtu ana njaa, shemeji. Usiniangalie hivyo."

"Siangalii kitu. Natafuta soksi zako."

Nilimvalisha soksi tatu na glovu za Freyda, nilizokuwa nimezitia mfukoni asubuhi. Alizitazama zile glovu muda mrefu.

Nuchem alifika baada ya nusu saa, akitambaa, na Costa na kiti cha jikoni. Tulimfunga kwenye kiti kwa kamba ya masanduku na kumshusha kidato kwa kidato. Alitutukana kwa Kiromania njia nzima, na kila tusi lilinipa moyo. Kwenye cha tisa akanyamaza.

Nuchem akauliza mbona nalia. Nikamwambia chumvi imeniingia machoni.

Ijumaa, 9 Januari

Hospitali inatumia jenereta. Muuguzi amenipa glovu za Freyda, nimezirudisha kwenye koti lake. Daktari anasema ni mapafu, na kwamba mwili wake hauna akiba. "Alikuwa anakula?" akauliza. Nikasema sijui. Nimemdanganya daktari, na Sabato inakaribia.

Jumapili, 11 Januari

Homa. Alinidhania mimi ni Freyda. Akasema, "Dada, usipande, kunateleza."

Jumanne, 13 Januari

Homa bado. Nimekaa kwenye korido na kofia mikononi. Nilimtafuta mwenye njaa mtaa kwa mtaa, na mwenye njaa alikuwa akinifungia kamba.

Alhamisi, 15 Januari

Thelathini. Mikono haikutaka kupanga.

Ijumaa, 16 Januari

Homa imeshuka! Amemwambia muuguzi supu ya hospitali ni maji aliyopitia kuku akiwa na haraka.

Alhamisi, 22 Januari

Umeme umerudi kwa Malvina. Nuchem amempeleka nyumbani, na binamu yake atakaa naye wiki moja. Hajui kwamba najua, au anajua na ananiomba nisijue. Nimefikiria sana kama nimwambie rabi, au kamati. Freyda hakuniambia hata mimi, kitandani pamoja miaka arobaini na sita. Sitamwambia mtu.

Nitaandika humu, halafu daftari nitalifungia kabatini kwenye makoti.

Alhamisi, 29 Januari

Malvina amerudi mezani. Amekonda, lakini ulimi umenenepa. Amemwambia Nuchem amezeeka ghafla, amemwambia Costa kwamba anajua habari za mikate.

Nilipanga masanduku mwenyewe leo. Yeye akazunguka akifunga kamba, na midomo yake ikihesabu. Mwisho wa meza akasimama.

"Shemeji."

"Naam."

"Thelathini na moja."

Jiko zima lilikuwa na kelele za sufuria, lakini mimi nilisikia pumzi yake tu. Niliogopa kuliko siku ya barafu.

"Nimekosea," nikasema. "Mke wangu pia hakujua kuhesabu."

Alilitazama sanduku. Akalifunga kamba, fundo moja, likashika.

"Familia nzima," akasema. "Miaka arobaini na moja kiwandani, na hesabu hajui." Akaenda kuvaa koti. Leso yake ilibaki mezani, tupu.

Nikampa muda wa kufika. Saa kumi nikabeba. Theluji mpya ilikuwa imeanguka. Nilipanda nikishika chuma, na kwenye cha tisa kikalia kama kawaida yake. Mfukoni nilikuwa na spana, nilitaka kukikaza. Sikukikaza. Niliona si haki yangu bado.

Nikaweka sanduku. Nikagonga mara tatu. Nikageuka nikaanza kushuka, haraka kadiri magoti yanavyoruhusu. Nilikuwa kwenye cha tisa mlango ulipofunguka nyuma yangu.

Sikugeuka.

Halafu sauti, si ile ya jikoni, sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia:

"Wewe unayeshuka. Shika chuma. Kunateleza."

Nikashika chuma, mpaka chini.

Sasa niko nyumbani, supu iko motoni. Glovu yangu ya kulia ina kutu kiganjani. Ya kushoto ni safi. Nimeitoa ya kulia ya Freyda kwenye koti lake, nimeziweka mbili pamoja juu ya jiko zikauke.